Ukifika Istanbul Siku za Idi

Siku za Idi, jiji la Istanbul huhamwa na kuvamiwa kwa wakati mmoja. Wakazi wake ni zaidi ya milioni 15, na wengi wao asili yao ni mikoani: Sivas, Kastamonu, pwani ya Bahari Nyeusi, mashariki ya nchi. Sikukuu ikikaribia hupakia watoto na zawadi, wakaenda kuwaona wazee wao au kupumzika kwenye fukwe za kusini. Waliobaki nao hawakai ndani. Huzuru makaburi, huwaamkia wakubwa wa ukoo, kisha hushuka kupunga upepo kando ya mlango-bahari wa Bosphorus. Juu yao huongezeka wageni kutoka nchi za Kiarabu, Ulaya, Asia ya Kati na kwetu Afrika Mashariki. Ndiyo maana msafiri mmoja atakusimulia kwamba Istanbul ya Idi ni shwari na barabara ni tupu, na mwingine atakwambia alikaa garini nusu ya siku bila kufika alikokwenda. Wote wawili wanasema kweli. Kilichowatenganisha ni saa waliyotoka na mahali walipokwenda.

Ushauri wangu wote unatokana na jambo hilo. Usiipange safari yako kwa orodha ya vivutio. Ipange kwa ratiba ya sikukuu ya wenyeji. Ukijua familia ya Istanbul iko wapi saa fulani, utajua foleni iko wapi, na utajua pia wapi kumebaki nafasi ya kupumua.

Naandika kuhusu Istanbul kwa sababu watu wetu wengi hupita huko: wafanyabiashara wa nguo, wanafunzi, wenye kwenda Umra kwa njia ya Uturuki, na abiria wa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Entebbe wanaobadilisha ndege kuelekea Ulaya na Marekani. Wengi hujikuta katikati ya sikukuu bila kuikusudia. Wachache huikusudia, na hao nawapongeza, kwa sababu Idi ni wakati mzuri wa kuuona mji huo kwa mtu aliyejiandaa.

Anza na kalenda yao

Kwetu Idi hungoja mwezi uonekane. Uturuki huamua kwa hesabu za falaki, na mamlaka ya masuala ya dini ya nchi hiyo, Diyanet, hutangaza tarehe mapema sana. Basi yawezekana kabisa Idi ya Istanbul ikatangulia ya Mombasa au Unguja kwa siku moja. Anayepanga safari kwa kukisia tarehe ya nyumbani anaweza kutua akiwa na shughuli za kufanya, akakuta milango yote imefungwa. Tafuta kalenda rasmi ya Uturuki ya mwaka husika kabla hujakata tiketi.

Idi el-Fitri, ambayo wao huiita Ramazan Bayramı, ina mapumziko ya siku tatu na nusu. Idi el-Hajj, yaani Kurban Bayramı, ina siku nne na nusu. Ile nusu ni siku ya mkesha, arife, ambapo ofisi na benki hufungwa kuanzia saa 7 mchana. Idi ikiangukia katikati ya wiki, mara nyingi serikali huwapa watumishi wake siku za nyongeza, na likizo ikaunganika na Jumamosi na Jumapili mbili hadi kufika siku tisa. Fuatilia tangazo hilo, kwa sababu ndilo linaloamua ukubwa wa msafara wa magari. Likizo ya siku tisa huondoa watu wengi zaidi mjini, lakini siku ya kutoka na siku ya kurudi huwa nzito kupita kiasi.

Jambo jingine linalosahaulika ni jua. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa kwa majira, hivyo saa yake ni ileile ya Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima. Hutahitaji kugusa saa yako, ila usitarajie jua la kwetu. Mwezi Juni jua la Istanbul huchelewa kuzama mpaka saa 2 na nusu usiku na zaidi, na mwezi Januari huchomoza baada ya saa 2 asubuhi. Kwa kuwa Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, muda wa swala, wa kufuturu na wa watu kutoka matembezini hubadilika nao. Angalia saa za jua za tarehe yako kabla ya kupanga lolote.

Mkesha ndio siku ngumu kuliko zote

Kama kuna siku moja ya kukaa mbali na barabara za Istanbul, ni mkesha wa Idi, hasa kuanzia mchana. Wafanyakazi wametoka kazini kwa pamoja. Wenye kusafiri wanaelekea mashariki kupitia madaraja ya Bosphorus na barabara kuu ya Kocaeli. Wasiosafiri wako sokoni wakinunua peremende, baklava na nguo za watoto. Na wengi wanakwenda makaburini, kwa kuwa ni desturi ya Waturuki kuwazuru marehemu wao mkesha na asubuhi ya Idi. Maeneo ya Karacaahmet upande wa Üsküdar, Edirnekapı na Eyüp hujaa magari na wauza maua.

Kuna sababu nyingine ambayo mgeni haioni. Katika siku za Idi serikali kwa kawaida husamehe ushuru katika barabara kuu na madaraja inayoyaendesha yenyewe, yakiwemo madaraja mawili ya zamani ya Bosphorus, la mwaka 1973 na la mwaka 1988. Daraja la tatu la mwaka 2016, njia ya magari ya chini ya bahari iitwayo Avrasya, na barabara nyingine zinazoendeshwa na kampuni huendelea kulipiwa. Magari basi humiminika penye bure. Ukilazimika kuvuka kwa gari siku hizo, njia ya kulipia mara nyingi ndiyo nyepesi zaidi.

Idi el-Fitri ina ugumu wa ziada, kwa sababu mkesha wake bado ni siku ya mfungo. Saa moja na nusu kabla ya magharibi kila mwenye usukani anakimbilia futari. Katika Ramadhani nzima huo ndio wakati wa kutulia mahali ulipo. Kaa Sultanahmet au Üsküdar, nunua mkate wa pide wa Ramadhani, uketi na familia zilizotandika vyakula vyao kwenye nyasi. Wakati adhana inalia barabara huwa nyeupe, na kwa muda wa nusu saa hivi unaweza kwenda popote.

Reli na maji, si lami

Mgeni anayeshuka uwanjani hukimbilia taksi kwa mazoea. Siku za kawaida ni uamuzi wa kawaida, lakini siku za sikukuu ni kosa la gharama. Mji mkongwe wa Istanbul umekaa kwenye rasi yenye vilima na vichochoro, umezungukwa na maji pande tatu, na barabara za kuingia humo ni chache. Gari likikwama pale Eminönü au Aksaray halina pa kuchepukia.

Jua njia tano tu, zitakutosha. Ya kwanza ni tramu ya T1, inayotoka Kabataş, kupita Karaköy, Eminönü, Sirkeci, Sultanahmet, Beyazıt na Laleli, na kuendelea magharibi. Ya pili ni Marmaray, treni inayopita chini ya bahari, iliyofunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013. Kutoka Sirkeci iliyo Ulaya hadi Üsküdar iliyo Asia ni dakika chache tu, wakati huohuo magari juu ya daraja yakisogea kwa hatua. Ya tatu ni metro ya M2, inayounganisha Yenikapı, Vezneciler, Taksim na Osmanbey. Ya nne ni M11, inayotoka Gayrettepe hadi Uwanja wa Ndege wa Istanbul. Ya tano ni M4, inayotoka Kadıköy hadi uwanja wa pili, Sabiha Gökçen, tangu mwaka 2022. Nunua kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart katika mashine za kituo cha kwanza unachofika, na uijaze fedha ya kutosha siku mbili tatu.

Kisha kuna feri. Usafiri wa abiria kwa meli za mvuke katika Bosphorus ulipangwa rasmi tangu mwaka 1851, na mpaka leo ndiyo njia inayopendwa kuliko zote. Feri za Eminönü, Karaköy, Üsküdar, Kadıköy na Beşiktaş hupokea kadi ileile. Hapo juu ya maji utauona mji mzima, kuanzia minara ya Süleymaniye hadi jumba la Topkapı, ukiwa umekaa na glasi ya chai, kwa nauli ndogo kuliko ya boti za watalii. Fika gatini dakika 20 kabla, kwa sababu geti hufungwa chombo kikijaa.

Manispaa ya Istanbul kwa kawaida hutangaza usafiri wa umma kuwa bure siku za Idi. Furahia, lakini elewa maana yake: familia nzima zenye watoto na bibi zao zitapanda siku hiyo kwenda matembezini tu. Kuanzia saa 8 mchana hadi saa 3 usiku tramu ya T1 hujaa kiasi kwamba mwenye begi hapandi. Kati ya Eminönü na Sultanahmet tembea kwa miguu kupitia bustani ya Gülhane. Ni mwendo wa dakika 20 hivi, na mara nyingi utaitangulia tramu.

Kwa hiyo chagua pa kulala kwa kuangalia kituo kabla ya kuangalia mandhari. Sirkeci inafaa sana, kwa sababu ina tramu na Marmaray, na magati ya Eminönü yako karibu. Üsküdar pia inafaa, hasa kwa anayetaka mazingira ya kifamilia. Ukilala katikati ya vichochoro mbali na reli, kila siku yako itaanza na kuisha kwa kubishana na dereva.

Ukilazimika kupanda taksi, hakikisha mita imewashwa, na mkatae kwa adabu anayetaja bei ya kukadiria. Za njano ndizo za kawaida; za rangi ya feruzi na nyeusi hutoza zaidi. Siku za Idi madereva wengi nao wako makwao, hivyo usiiache taksi iwe tegemeo lako la pekee la kuwahi ndege.

Asubuhi ya Idi

Swala ya Idi Uturuki huswaliwa muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na saa yake hutangazwa kwa kila mji. Anayetaka kuswali Ayasofya au msikiti wa Sultan Ahmed awe pale kabla ya alfajiri, kwa sababu hujaa mpaka uwanjani. Kama moyo wako hauna haja na jengo mahususi, nakushauri kwa dhati Süleymaniye, uliojengwa na Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1557, au Şehzade ulio karibu nao. Ni misikiti mikubwa yenye nyua pana, na hapo utaswali bega kwa bega na watu wa mtaa. Beba mswala wako na mfuko wa viatu, maana huenda ukaangukia nje ya zulia.

Waturuki wengi ni Wahanafi, nasi wa pwani wengi ni Mashafi. Wao huleta takbira tatu za ziada katika kila rakaa, na katika rakaa ya pili huzileta baada ya kisomo, kabla ya kurukuu. Sisi tumezoea saba na tano, zote kabla ya kisomo. Mfuate imamu tu, usije ukarukuu peke yako katikati ya safu. Kwa kina mama, ulizieni mapema palipo na sehemu yenu, kwani katika misikiti mingi ya mitaani wanawake huwa wachache asubuhi hiyo, na nafasi yao huweza kupewa wanaume. Misikiti mikubwa ina nafasi ya uhakika zaidi. Ule wa Çamlıca uliofunguliwa mwaka 2019 upande wa Asia huchukua maelfu kwa maelfu, ila kuufikia na kuutoka kwa gari asubuhi hiyo ni shughuli.

Baada ya swala huja saa za dhahabu za msafiri. Familia zimerudi nyumbani kufungua kinywa pamoja, watoto wanabusu mikono ya wakubwa na kupewa peremende na pesa. Mpaka karibu saa 5 asubuhi barabara ni tupu, vichochoro ni vyako. Huo ndio wakati wa kutembea uwanja wa kale wa mbio za farasi wa Wabizantini, kuteremka kwenye vichochoro vya Küçük Ayasofya, au kupanda Balat na Fener. Wenyeji utakaokutana nao waambie “İyi bayramlar”, yaani sikukuu njema. Utajibiwa kwa tabasamu, na pengine utakaribishwa peremende za lokum au chai. Pokea. Kukataa mkono wa sikukuu si uungwana.

Mchana umati unakwenda wapi

Mwenye asili ya pwani hapangi safari ya ngalawa bila kuuliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Umati wa Istanbul nao una kujaa na kupwa kwake. Hujaa kuanzia saa 8 mchana, hufikia kilele kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku, na siku ya pili na ya tatu ya Idi huwa mkubwa kuliko siku ya kwanza, kwa sababu ziara za jamaa zimekwisha na sasa ni matembezi.

Mahali panapofurika ni palepale kila mwaka: Eminönü na Daraja la Galata, barabara ya İstiklal, ufukwe wa Ortaköy na Bebek, makaburi ya Eyüp Sultan, na visiwa vilivyo karibu na jiji. Eyüp ina heshima ya pekee, kwa kuwa hapo ndipo linapozuriwa kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari. Nenda, lakini nenda mapema asubuhi, na kwa tramu ya T5 inayofuata ufuko wa ghuba ya Haliç, usiende kwa gari. Kwenye visiwa, Büyükada huelemewa hadi foleni ya kurudi ikazunguka gati. Farasi na mikokoteni yao waliondolewa mwaka 2020, na magari madogo ya umeme hayatoshi watu wa sikukuu. Ikiwa lazima uende, panda chombo cha kwanza cha asubuhi, shukia Burgazada au Kınalıada, na urudi kabla ya alasiri. La sivyo, ngoja wiki ifuatayo.

Saa hizo za kilele wewe uwe kinyume na umati. Pumzika hotelini mchana, kisha toka usiku baada ya saa 4, wakati familia zenye watoto zinarudi. Au nenda mitaa ambayo watu wake hawana haja ya kuitembelea: Kuzguncuk na Çengelköy kwa miguu, au kando ya kuta za kale za Theodosius zilizojengwa karne ya 5, ambako unaweza kutembea muda mrefu usikutane na kundi la watalii.

Majumba, misikiti na foleni za tiketi

Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne, na asubuhi ya siku ya kwanza ya Idi kwa kawaida halifunguliwi mpaka mchana. Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Siku inayofuata kila kufungwa huwa na foleni maradufu. Soma tangazo la jumba lenyewe kabla ya kutoka, na ununue tiketi kwenye tovuti rasmi. Hata ukiwa na tiketi utapitia ukaguzi wa mizigo, basi begi liwe dogo.

Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537, ikawa msikiti mwaka 1453, kisha makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia kwa mlango wao, hulipia na kupanda roshani ya juu. Wenye kuswali huingia chini kwa mlango wa upande wa uwanja wa Sultanahmet, bila malipo. Hizo ni foleni mbili tofauti, na wengi hupoteza saa nzima kwenye isiyo yao. Amua kwanza unakwenda kuswali au kutazama. Ijumaa watalii husubiri mpaka swala iishe.

Na si lazima kila uzuri uupangie foleni. Karibu tu na uwanja wa Sultanahmet, chini ya mteremko, upo msikiti wa Sokollu Mehmed Paşa, kazi ya Sinan ya miaka ya 1570, wenye vigae vya İznik vya kupendeza mno, na ndani yake mna vipande vinavyotajwa kuwa vya Jiwe Jeusi la Kaaba. Juu ya maduka ya Eminönü upo Rüstem Paşa, mdogo, uliofunikwa vigae kuanzia sakafu hadi juu. Wakati maelfu wanasimama juani nje ya Ayasofya, humo unaweza kukaa kimya na kuangalia utakavyo.

Kwa wanaokwenda kununua mzigo

Nyinyi wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo, sikilizeni kwa makini. Soko la kuezekwa la Kapalıçarşı hufungwa kila Jumapili na siku za Idi. Maduka ya jumla ya Laleli, Merter na Osmanbey nayo hufunga, na viwanda vilivyo nyuma yake hufunga muda mrefu zaidi, kwa sababu mafundi wamekwenda mikoani. Wakala wa mizigo na ofisi za forodha hulala pia. Oda uliyoiweka siku tatu kabla ya Idi haitashonwa, na mzigo ulioachwa ghalani utakaa.

Kama unanunua kwa ajili ya Idi ya nyumbani, mzigo uwe umeshaondoka Istanbul mwanzoni mwa Ramadhani. Kama safari yako imeangukia sikukuu yenyewe, ahirisha kwa wiki moja, ufike wakati mafundi wamerudi na bidhaa za msimu mpya zimetundikwa. Gharama ya kubadilisha tiketi karibu kila mara ni ndogo kuliko ya kulala hoteli siku tano ukitazama milango ya chuma.

Mkiwa na watoto au wazee

Katika umati wa Eminönü mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua. Mwandikie namba yako ya simu, pamoja na namba ya kimataifa ya mbele, kwenye mkono au kwenye karatasi iliyoshonwa mfukoni. Kila mnapofika mahali, onyesheni sehemu ya kukutania isiyohama, kama mlango wa msikiti au mnara. Kila mtu abebe kadi ya hoteli. Njia ya chini ya ardhi ya kuvukia barabara pale Eminönü ni nyembamba na hubana watu. Mkiwa na mzee au mtoto mchanga msiipite jioni, zungukeni.

Ukijikuta umebanwa, usisukumane na wala usigeuke nyuma. Fuata mwendo wa watu huku ukisogea kidogo kidogo pembeni, mikono ikiwa mbele ya kifua. Simu na pochi vikae mfuko wa mbele au wa ndani. Kwa wazee, kumbukeni kwamba kituo cha Marmaray cha Sirkeci kiko chini sana ardhini; tafuteni lifti kabla ya kuanza ngazi.

Fedha, dawa na chakula

Benki hufungwa tangu mchana wa mkesha, na mashine za ATM katika maeneo yenye watu wengi huweza kuishiwa noti. Badilisha fedha mapema, kiasi cha kutosha siku mbili. Migahawa ya watalii hubaki wazi, lakini vile vihoteli vizuri vya mitaani hufungwa siku ya kwanza. Nunua matunda, maji na mikate mkesha asubuhi.

Ukiugua, usihangaike kutafuta duka la dawa kwa kubahatisha. Kila mtaa huwa na duka la zamu liitwalo nöbetçi eczane, na kila duka lililofungwa hubandika mlangoni jina na anwani ya lile la zamu. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kuondoka

Siku ya mwisho ya likizo foleni hugeuka: msafara wote unarudi mjini kutoka mashariki. Anayeruka kutoka Sabiha Gökçen, ulio upande huohuo, atumie M4 badala ya gari. Anayeruka kutoka uwanja mkuu apande M11 kutoka Gayrettepe. Kutoka Sultanahmet weka akiba ya saa mbili njiani, na uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege, kwa maana foleni ya pasipoti nayo ni ya sikukuu. Metro kwa kawaida hulala usiku wa manane, hivyo mwenye ndege ya alfajiri apange mapema basi la uwanjani.

Na wewe unayebadilisha ndege tu, piga hesabu kwa ukweli. Safari ya kwenda Sultanahmet na kurudi ni saa tatu, pasipoti saa moja, na saa tatu za kuwahi ndege. Kama muda wako ni chini ya saa kumi siku ya Idi, baki uwanjani upumzike. Kama ni zaidi, na visa unayo, ingia asubuhi, ule kifungua kinywa Sirkeci, vuka na feri kwenda Üsküdar, urudi na Marmaray.

Nimeandika haya yote kwa sababu naumia kuona mtu aliyejinyima mwaka mzima akaimaliza safari yake ndani ya taksi iliyosimama, akarudi akiulaumu mji. Istanbul haina kosa, ilikuwa inasherehekea. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi fanya mambo matatu. Angalia kalenda ya Uturuki na saa za jua za tarehe zako. Weka malazi yako kwenye reli au gatini. Kisha chagua kitu kimoja tu kwa kila siku, ukifanye mapema asubuhi, na saa zinazobaki uziache wazi kwa ajili ya watu utakaokutana nao. Jengo lililosimama karibu karne kumi na tano litakungoja mwaka ujao. Mwaliko wa chai kutoka kwa familia ya Kituruki siku ya Idi haungoji, na ili uupate, sharti uwe na nafasi.